Jamhuri ya ndizi: kisa cha Honduras 1911, na tusi lililompata asiyehusika

Uchaguzi ukivurugika popote duniani, au wanajeshi wakiingia ikulu, au rais akimpa mwanae uwaziri, haipiti nusu saa mtu ashaandika "hii sasa ni jamhuri ya ndizi" na watu wanagonga laiki. Sina ugomvi na tusi lenyewe, siasa bila matusi haijawahi kuwepo. Ugomvi wangu ni kwamba wengi wanaolirusha wanamaanisha "nchi ya vurugu" tu, nchi ya watu walioshindwa kujitawala, wakati ukikifukua kisa chenyewe unakuta vurugu ilikuwa sehemu ndogo, na hata hiyo vurugu ilipangwa na kulipiwa nje ya nchi na mfanyabiashara aliyekuwa hataki kulipa ushuru. Kwa hiyo nachukua kisa kimoja tu, mapinduzi ya Honduras, nchi ya Amerika ya Kati, ya 1910 na 1911, nakipitia mwanzo mwisho, halafu tuone hilo neno linamfaa nani.

Kwanza jina lilikotoka, haraka haraka. Kuna Mmarekani anaitwa William Sydney Porter, wapenda hadithi wanamjua kama O. Henry. Alikuwa karani wa benki Austin, Texas, akashtakiwa kwa kutafuna hela za benki, na mwaka 1896 badala ya kwenda mahakamani akakimbilia New Orleans na kutoka hapo akaingia melini mpaka Honduras, akajibanza huko pwani ya kaskazini, Trujillo. 1897 akarudi kwao kwa sababu mke wake alikuwa anaumwa sana, akahukumiwa, akafungwa, na alipotoka akatoa mwaka 1904 kitabu cha Cabbages and Kings, hadithi za nchi ya kubuni anayoiita Anchuria, ndo humo "jamhuri ya ndizi" inapoonekana kwa mara ya kwanza. Yaani aliyeibatiza hiyo nchi ni mtu aliyekuwa anakimbia kesi ya hela za benki kwao, na hiyo nchi ndo iliyomficha. Sawa, tuendelee.

Watu wanadhani kila kitu kilianza na ndizi. Hapana, kilianza na deni, na hapa naomba nikae kidogo maana bila deni hiki kisa hakieleweki. Kati ya 1867 na 1870 serikali ya Honduras ilikopa mara kadhaa London na Paris ili ijenge reli ya kutoka bahari moja hadi nyingine, kutoka Puerto Cortés upande wa Atlantiki mpaka Ghuba ya Fonseca upande wa Pasifiki, ndoto ikiwa kwamba mizigo ya dunia ingepita hapo kabla hata mfereji wa Panama haujafikiriwa vizuri. Hela nyingi haikuwahi kufika Honduras. Iliishia kwa madalali, kwenye kamisheni, kwenye kupandisha kijanja bei za hatifungani (karatasi za mkopo wa serikali) ili wajinga wanunue, na reli iliyojengwa haikufika hata kilomita 100, ikaishia bondeni huko upande wa San Pedro Sula. Bunge la Uingereza lenyewe 1875 liliunda kamati kuchunguza mikopo ya namna hii na Honduras ikawa moja ya mifano mibaya kabisa. Lakini uchunguzi haufuti deni. Honduras iliacha kulipa, riba ikawa inazaa riba, na kufika 1909 deni kwenye makaratasi lilikuwa limepita dola milioni 100, kwa nchi masikini ambayo mapato yake makuu yalikuwa ushuru wa forodha kwenye bandari chache.

Forodha. Likamate hilo neno, vita nzima ilikuwa juu ya nani akae kwenye dirisha la forodha.

Sasa aingie Samuel Zemurray. Kazaliwa 1877 Kishinev, wakati huo ikiwa ndani ya himaya ya Urusi, akaingia Marekani kijana mdogo hana kitu, akafikia Selma, Alabama. Biashara yake ya kwanza ilikuwa kununua bandarini Mobile ndizi ambazo wakubwa walikuwa wanaziona takataka, zile zilizoanza kupata madoa ambazo zisingefika sokoni mbali, akawa anazisafirisha kwa treni na kuziuza kwa wenye maduka njiani kabla hazijaoza. Akapata hela, akahamia New Orleans, na mwaka 1910 akanunua ardhi kando ya mto Cuyamel, kaskazini mwa Honduras. Ekari 5,000 hivi, kwa hela za mkopo. Alikuwa hana reli, hana daraja, kila kitu alitakiwa aingize kutoka nje, chuma, mashine, vifaa, na kwa mahesabu yake vitu hivyo vikilipiwa ushuru na ndizi zikilipiwa ushuru wa kutoka, biashara imekufa kabla haijazaliwa. Alihitaji msamaha wa kodi, na msamaha wa kodi unatolewa na serikali, so alihitaji serikali.

Bahati mbaya yake ni kwamba Washington nao walikuwa na mpango wao juu ya dirisha lile lile. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Philander Knox, alikuwa anataka deni la Honduras kwa Waingereza lipangwe upya na mabenki ya Marekani, akiwemo J.P. Morgan, na ili mabenki yawe na uhakika wa kulipwa, makusanyo ya forodha ya Honduras yawe chini ya mkusanyaji ambaye mabenki yanampendekeza na Marekani inamkubali. Mkataba wenyewe, unaoitwa Knox-Paredes, ulikuja kusainiwa Januari 1911, ila mpango ulikuwa unajulikana kabla ya hapo. Rais wa Honduras wakati huo, Miguel Dávila, aliukubali, sio kwamba aliupenda sana, alikuwa amebanwa na wadai huku na maadui huku. Kwa Zemurray hiyo ilikuwa habari ya msiba. Mkusanyaji wa Morgan hawezi kumsamehe ushuru muuza ndizi asiyejulikana. Knox alimuita akamwambia akae mbali na siasa za Honduras, naye akaitikia vizuri tu, akaondoka zake.

Alichofanya baada ya hapo ni kumtafuta mtu anayeitaka ikulu. Manuel Bonilla alishakuwa rais wa Honduras, akapinduliwa 1907 kwa msaada wa majeshi ya Nicaragua, na 1910 hiyo hiyo alishajaribu kurudi kwa mtutu akashindwa. Alikuwa anakaa uhamishoni, hana hela, ana jina na ana kiu. Zemurray akawa na hela. Wakaongezwa mamluki wawili, Lee Christmas, aliyewahi kuendesha treni na ambaye kila mapinduzi ya Amerika ya Kati ya miaka hiyo lazima utamkuta mahali, na kijana wa New Orleans anaitwa Guy Molony ambaye sifa yake ni kwamba anaijua rashasha kuliko anavyojua kitu kingine chochote. Wakanunua meli, Hornet, ilishawahi kutumiwa na jeshi la majini la Marekani kwenye vita na Hispania mwaka 1898.

Serikali ya Marekani ilijua. Makachero walikuwa wanawafuata kina Bonilla mitaani New Orleans maana sheria ya Marekani inakataza kuandaa vita dhidi ya nchi rafiki ukiwa ndani ya ardhi yake. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Desemba 1910 jamaa walijifungia kwenye danguro mtaa wa Storyville, wakanywa na kupiga kelele mpaka makachero nje wakaona hawa ni walevi tu wakaenda kulala, na ndipo jamaa wakatoka mbio mpaka kwenye boti ya Zemurray iliyokuwa inawasubiri, ikawapeleka baharini kuikuta Hornet. Hii hadithi imerudiwa mara nyingi mno na kila anayeisimulia anaiongezea chumvi, mimi hata isingekuwa ya kweli isingebadilisha kitu. Cha maana ni kwamba kikosi kiliondoka Marekani, kwa meli ya Marekani, silaha za Marekani, hela ya mfanyabiashara wa Marekani.

Mapigano yenyewe hayakuwa marefu. Wakachukua kisiwa cha Roatán, wakaja Trujillo, ndio Trujillo ile ile ya O. Henry, halafu tarehe 25 Januari 1911 wakaiteka La Ceiba kwa mapigano makali kiasi, generali aliyekuwa anaulinda mji akauawa. Manowari ya Marekani, Tacoma, ilikuwa hapo hapo pwani. Iliikamata Hornet kwa kuvunja sheria ya kutoegemea upande, ambayo kwa macho ya haraka unaweza kusema Marekani ilikuwa inamtetea Dávila, lakini waasi walishashuka nchi kavu na hawakuihitaji tena meli. Tarehe 31 Januari Bunge la Honduras likaukataa mkataba wa Knox kwa kura nyingi. Hapo Dávila akawa hana faida kwa mtu yeyote, Washington hawezi kuwapa forodha, wananchi wanamuona aliyetaka kuuza nchi, na waasi wako na bandari.

Kilichofuata ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana haina mlio wa risasi hata mmoja na ndo inayoonyesha kazi ilivyo. Mwanadiplomasia wa Marekani, Thomas Dawson, akaitisha mazungumzo ya pande mbili za Honduras, na mazungumzo ya nani awe rais wa Honduras yakafanyika juu ya sitaha ya manowari ya Marekani, ile ile Tacoma. Akapatikana rais wa mpito, Francisco Bertrand. Dávila akaachia madaraka Machi 1911. Mwishoni mwa mwaka ukafanyika uchaguzi na Bonilla akashinda kirahisi kabisa, akaapishwa Februari 1912. Kwahiyo kwenye vitabu vya kumbukumbu pale kuna kujiuzulu, kuna rais wa mpito, kuna uchaguzi, kuna kiapo, kila kitu kimekaa kisheria. Neno mapinduzi huwezi hata kuliona ukisoma haraka.

Halafu ikaja bili. Zemurray alipata hekta 10,000 za ardhi, msamaha wa ushuru kwa vitu anavyoingiza kwa miaka 25, na ruhusa ya kupanga mkopo wa dola 500,000 kwa niaba ya serikali ili arudishiwe alichotumia. Rudia kusoma hapo mwisho. Wananchi wa Honduras walilipishwa gharama za kupinduliwa kwao wenyewe, kwa mkopo mpya, juu ya lile deni la zamani la reli. Lee Christmas naye akapewa ukubwa kwenye jeshi pale Puerto Cortés. Bonilla hakuufaidi sana urais, alifariki Machi 1913, lakini ndani ya muda wake mfupi milango ilifunguliwa hata kwa wakubwa zaidi ya Zemurray, United Fruit ya Boston, kampuni iliyoanzishwa 1899, ikapata mikataba ya Tela na Trujillo ya kujenga reli na kulipwa kwa ardhi ya pembeni mwa reli.

Mtu atasema basi wewe unawaosha Wahonduras, unawafanya malaika. Hapana. Bonilla hakulazimishwa na mtu, aliuza kabla hajaingia dukani. Dávila naye alikuwa tayari kuwapa Morgan mkusanyaji wa forodha. Mapinduzi yalikuwepo Honduras muda mrefu kabla ya mgomba wa kwanza wa biashara, majirani zake Nicaragua na Guatemala walikuwa wanaingizana madarakani kama mchezo, na wakubwa wa Tegucigalpa, mji mkuu, walikuwa wanagombea kiti kwa sababu kiti ndo kilikuwa biashara pekee yenye faida nchini. Ninachosema mimi ni kwamba hayo yote peke yake hayatengenezi jamhuri ya ndizi, yanatengeneza nchi yenye siasa mbovu, na nchi zenye siasa mbovu zimejaa kote na hazijaitwa hivyo. Kinachoongezeka hapa ni mtu wa nje ambaye mapato yake yanategemea sheria za nchi hiyo na ambaye ana uwezo wa kuinunua hiyo sheria kwa bei ya chini kuliko gharama ya kuitii. Zemurray alifanya hesabu, akaona kumlipia Bonilla vita ni nafuu kuliko kulipa ushuru. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hapo ndo penye uchungu.

Angalia hiyo mikataba ya reli ilizaa nini. Makampuni yalijenga reli kweli, nyingi tu, lakini kutoka shambani kwenda bandarini, shambani kwenda bandarini, hakuna iliyopanda milimani kwenda mji mkuu. Mpaka leo Tegucigalpa haina reli. Nchi ilikopa kwa ajili ya reli, ikafilisika kwa ajili ya reli, ikatoa ardhi kwa ajili ya reli, na mji mkuu wake haujawahi kuona treni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Honduras ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza ndizi nje, na hela hiyo ilikuwa inazunguka kwenye maduka ya kampuni, hospitali za kampuni, bandari za kampuni, pwani ya kaskazini, serikali ikiwa mbali milimani inapewa makombo.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho nadhani kinamaliza ubishi wa kwamba neno hili maana yake ni nchi isiyotulia. Kuanzia 1933 mpaka 1949 Honduras ilitawaliwa na mtu mmoja, Tiburcio Carías Andino, miaka 16, akiwa na uhusiano mzuri sana na United Fruit. Wapinzani walifungwa au walikimbia, magazeti yalinyamazishwa, migomo hakuna. Ilikuwa nchi tulivu kuliko ilivyowahi kuwa. Na ni wakati huo huo ambapo kampuni ilikuwa na nguvu kuliko kipindi chochote. Kama utulivu ungekuwa tiba basi Carías angekuwa daktari. Wafanyakazi walipokuja kugoma 1954, maelfu kwa maelfu, wiki nyingi, ndo nchi ikaanza kupata vyama vya wafanyakazi na baadae sheria ya kazi ya 1959, kwahiyo kile ambacho mtu wa mbali angekiita fujo ndo kilikuwa mwanzo wa kutoka.

Zemurray alifika wapi? Alikua. 1929 akaiuzia United Fruit kampuni yake ya Cuyamel kwa hisa za zaidi ya dola milioni 30, na miaka michache baadae, kampuni ilipokuwa inaporomoka, akairudia kama mkubwa wake. Kisa cha Guatemala cha 1954, serikali ya Jacobo Árbenz kuangushwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, baada ya kugusa ardhi ya United Fruit, ni marudio ya wazo lile lile kwa bajeti kubwa, tofauti ni kwamba safari hii Washington na kampuni walikuwa upande mmoja tangu mwanzo. Na Honduras yenyewe ikarudiwa: 1974 iliweka kodi kwa kila boksi la ndizi, kodi ikapunguzwa, 1975 ikagundulika kampuni, wakati huo ikiitwa United Brands, ilikuwa imetoa hongo ya dola milioni 1.25 kwa afisa wa Honduras, rais Oswaldo López Arellano akaondolewa na wanajeshi wenzake Aprili mwaka huo. Miaka zaidi ya 60 imepita na dirisha ni lile lile, ushuru.

Baada ya hapo rudi kwenye matumizi ya leo. Januari 2021 wafuasi wa Donald Trump walipovamia bunge la Marekani, rais mstaafu George W. Bush alitoa taarifa akisema hivyo ndivyo matokeo ya uchaguzi yanavyobishiwa kwenye jamhuri ya ndizi, sio kwao. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini kwa kisa tulichokipitia hapa kauli hiyo haikai sawa hata kidogo, Honduras 1911 haikubishania kura, ilibishania forodha, na waliovamia walipanda meli New Orleans. Hakuna kampuni ya nje iliyowalipia waliovunja vioo Washington. Ile ilikuwa fujo ya nyumbani, ya watu wa nyumbani, na inatakiwa iitwe kwa jina lake bila kuazima la wengine.

Ambaye alikaribia zaidi, na hapa wengi watashangaa, ni Paul Keating, waziri wa fedha wa Australia, aliposema redioni Mei 1986 kwamba nchi yake isipobadilisha uchumi wake itaishia kuwa jamhuri ya ndizi. Dola ya Australia ikaporomoka baada ya hiyo kauli, watu wakamcheka, wengine wakasema anaitukana nchi yake. Lakini hakuwa anaongelea mapinduzi wala wizi wa kura. Alikuwa anaongelea deni la nje linalokua, na nchi inayoishi kwa kuuza mali ghafi ambazo bei yake inapangwa na wengine. Ungempeleka Honduras ya 1909 angekuta mahesabu yale yale, na angejua kinachofuata.